Ndege Tunduni

Ukitaka kusema kwa Kiswahili kwamba ndege ametumbukia katika dohani ya nyumba na hawezi kutoka, neno la ndege halikusumbui. Linalosumbua ni dohani. Shuka Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini ya Kilwa Kisiwani, uende kwenye magofu ya upande wa kaskazini. UNESCO iliviingiza visiwa hivi viwili pamoja katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na kwa hesabu yake mji huu una mabaki ya misikiti mitano, jumba moja la kifahari na nyumba za kuishi zipatazo 33, zote za mawe ya matumbawe. Watu waliishi humo kati ya karne ya 14 na ya 16. Walijenga vidaka ukutani, walijenga vyoo vya ndani na mabaraza ya kukaribishia wageni, wakachimba nyua zenye ngazi ambapo mtu anaweza kukaa akapiga soga. Tembea humo uwezavyo, huoni dohani.

Hawakusahau. Nyumba ya pwani haikuihitaji. Baridi ya kuota moto ndani hakuna, na moto wa kupikia ulikuwa na mahali pake uani au nyuma ya nyumba, ambapo moshi huondoka wenyewe bila kuongozwa. Lamu walilitatua jambo hilo kwa namna yao: jiko wakalipandisha juu kabisa ya nyumba, likaezekwa makuti, wakaliita kidari cha meko. Moshi ukitoka hapo umeshafika, hauna tena pa kupanda. Hata leo, kwenye kibanda cha jiko cha kijijini, moshi hupenya katikati ya makuti polepole, na wenye nyumba hawalalamiki sana kwa sababu makuti yaliyokolea masizi hayaliwi na wadudu upesi. Huko moshi hauna mlango wala bomba. Unavuja.

Kwa hiyo neno la kitu hiki lilitoka ng'ambo. Kiarabu kina *dukhan*, yaani moshi, na mtoto wa madrasa analijua kabla hajajua kuandika jina lake vizuri, maana sura ya 44 ya Kurani inaitwa hivyo. Sisi tuliichukua kh yao tukailegeza kama tulivyofanya kwa khabari na khatari, na maana nayo tukaihamisha: kwao moshi, kwetu mahali moshi unapopita. Ndiyo maana anayesema "dohani ya moshi" anausema moshi mara mbili bila kujijua. Neno lilipata kazi kubwa meli za moshi zilipoanza kuonekana pwani katika karne ya 19, dohani ndefu ikitangulia kuonekana kabla ya chombo chenyewe. Kisha likahamia viwandani. Katika pwani ya Lindi, palipokuwa na mashamba ya mkonge, dohani ilikuwa kitu cha kiwanda na cha ajira. Nyumbani haikuingia. Kamusi za zamani zinalipa neno hili maana nyingine ya kupendeza, tenga refu la fito na makuti la kubebea matunda, na ukilifikiria tenga hilo kichwani mwa mtu anayekwenda sokoni unaona kabisa kwa nini jina lilivifaa vyote viwili.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Kiingereza nacho kina neno lake la dohani, na neno hilo lilifika pwani, lakini lilifika limeshika taa. Ile chemni, au chimni, tunayoijua ni kioo cha taa ya mafuta: kile kioo chembamba katikati kinachopasuka ukikidondoshea tone la maji kikiwa cha moto, ambacho mama alikifuta masizi kila jioni kwa kitambaa na pumzi. Jamaa yake, chemli, imekuwa jina la taa nzima. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa Kilwa kwamba ndege ameingia kwenye chimni, atakuuliza ndege gani huyo wa ukubwa wa nzi.

Linabaki "bomba la moshi", ambalo ndilo linalotumiwa na watu wengi. Mafundi wa majiko banifu hulisema, wauza vifaa vya ujenzi hulisema, na wanaoishi Lushoto, Njombe au Mufindi, ambako nyumba za zamani zina mahali pa kuotea moto sebuleni na ambako habari ya ndege ndani ya dohani ni jambo la kweli la asubuhi ya baridi, nao hulisema. Sina ugomvi nalo, ila katika mikoa ya Lindi na Mtwara neno bomba lina uzito wake. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, kisiwa kingine kabisa kilicho kaskazini zaidi, na tangu 2004 inakwenda Dar es Salaam kwa bomba. Ilipokuja zamu ya gesi ya Mtwara, mwaka 2013 watu waliingia barabarani kulipinga bomba. Baada ya hapo, ukisema bomba mbele ya kundi la watu wa kusini, ndege atasubiri kwanza.

Mimi nina neno ninalolipenda kuliko yote hayo, na ni la zamani, halina pasipoti: tundu. Lina maana ambazo mgeni wa lugha huziona kama za maneno manne tofauti. Tundu ni uwazi unaopenya kitu, tundu la sindano, tundu la pua. Tundu ni kizimba, tundu la kuku na tundu la kasuku. Tundu ni kiota, kwa wale wasiosema kiota. Na mtoto anayepanda kila kisichopandika anaitwa mtundu. Sasa mtazame ndege wetu. Alikuwa mtundu, akaliona tundu, akadhani ni tundu, akaingia, likawa tundu. Katika sentensi hiyo kisa kizima kimekwisha, na aliyezaliwa na Kiswahili hahitaji maelezo ya kila tundu ni lipi.

Matundu hayakosekani Songo Mnara, hata kama dohani haipo. Katika kuta za magofu ya pwani hii utaona safu ya mashimo ya mraba, yamepangwa kwa nafasi sawa, juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu. Hayo ni matundu ya boriti. Dari lilikuwa limelala juu ya boriti za mikoko, boriti zikaoza karne nyingi zilizopita, mashimo yakabaki yakiwa na alama ya chokaa iliyowahi kuzikumbatia. Boriti ya mkoko haiwi ndefu upendavyo, na ndiyo iliyoamua upana wa vyumba: virefu kama njia, vyembamba kama njia. Ndege mdogo anayetafuta mahali pa kutagia hahitaji zaidi ya shimo kama hilo.

Tundu jingine lilikuwa la muda. Chokaa ya kujengea na kupakia mji kama huu hupatikana kwa kuchoma matumbawe, na tanuri la chokaa la kienyeji halina kuta. Magogo hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, mawe ya matumbawe hurundikwa juu, na katikati huachwa tundu la kutilia moto. Moto unashika kutoka ndani. Kwa muda wa kuwaka kwake tanuri hilo linakuwa na kitu ambacho mhandisi wa Ulaya angekitambua mara moja kuwa dohani, kisha linaanguka, linapoa, linamwagiwa maji na kugeuka unga mweupe. Dohani ya Songo Mnara, kama tunataka kulazimisha iwepo, iliishia ukutani ikiwa lipu.

Lakini dohani ya kweli ya eneo hili, ninavyoona mimi, ni mbuyu. Mbuyu mzee hufanya mvungu ndani yake, uwazi mrefu unaoshuka kutoka juu hadi karibu na mizizi. Humo, na katika visima na mashimo mengine yanayoshuka wima, hutaga ndege mmoja wa jamaa ya teleka ambaye wataalamu humwita kwa jina la Richard Böhm, Mjerumani aliyezunguka nchi hizi akikusanya ndege na akafia Kongo mwaka 1884. Mkia wake ni mfupi kiasi kwamba akiruka unadhani umekatwa. Anashuka kisimani, anabandika kiota chake kidogo kwenye ukuta wa ndani, anapanda tena kutoka humo kwa mabawa yake. Kwa ndege huyo shimo wima ni nyumba, na neno "amenaswa" halimhusu hata kidogo. Jamaa yake wa Marekani, *Chaetura pelagica*, alikuwa akikaa katika miti yenye mivungu. Wazungu walipoikata misitu na kujenga nyumba, akahamia katika dohani zao, na leo Wamarekani humwita kwa jina la dohani. Watu walipoanza kuziba dohani kwa vifuniko na kuzijenga kwa mabati laini ndani, makazi yake yakapungua tena.

Na yupo mwingine, huyu tunamwona wenyewe. Kati ya Septemba na Aprili mbayuwayu wenye koo jekundu na mkia wa panda huja kwetu wakitoka Ulaya na Asia, wanapita juu ya mashamba, juu ya mikoko na juu ya magofu, wakila wadudu hewani. Wengine huwaita barawai, wengine vijumbamshale, neno ambalo masikioni lina nyumba na mshale. Wajerumani, waliotawala Kilwa hadi vita ya kwanza ya dunia, humwita ndege huyuhuyu Rauchschwalbe, mbayuwayu wa moshi. Wafaransa nao wana jina la zamani linalomtaja kama mbayuwayu wa dohani. Sababu ni kwamba huko kaskazini alijenga kiota chake cha matope ndani ya nyumba za wakulima, karibu na matundu ya kutolea moshi. Hapa kwetu hajengi. Anakuja kula na kupumzika, kisha anarudi kuzaa kwao. Hivyo ndege mwenye moshi katika jina lake hupitisha nusu ya maisha yake juu ya nyumba zisizo na dohani, na hakuna anayemwambia.

Nimezunguka sana katika majina ya vitu, lakini kiini cha jambo kipo katika vitenzi. Mtu wa Kiswahili akisikia kwamba ndege yuko ndani ya tundu hatoki, atauliza: amefanywaje? Amenasa? Amekwama? Amefungiwa? Ametumbukia? Sikio la haraka linayaona manne haya kuwa jambo moja, na kila moja lina kazi yake. Kunasa kunahitaji kitu kinachoshika, iwe ulimbo, tanzi au wavu. Aliyenasa ameshikwa bawa au mguu na kadiri anavyopapatika ndivyo anavyozidi kushikwa. Kukwama ni habari ya upana. Gari hukwama matopeni, mfupa hukwama kooni. Kufungiwa kuna mtu nyuma yake aliyefunga mlango. Kutumbukia ni kuanguka ndani ya kitu chenye kina, na aliyetumbukia hajashikwa na chochote. Yuko huru kabisa, chini.

Uzuri ni kwamba Kiswahili kikikupa kitenzi cha maafa kinakupa papo hapo na kitenzi cha kuyaondoa. Aliyenasa unamnasua. Aliyekwama unamkwamua. Aliyefungwa unamfungua. Mtego uliotegwa unautegua, na dohani iliyozibwa na kiota cha msimu uliopita unaizibua. Ni ule mnyambuliko wa kutendua ambao kila mwanafunzi wa sekondari amewahi kuuandikia mtihani na kuusahau siku ya pili, na mimi naona ni moja ya akili kubwa za lugha hii: jina la tatizo linabeba ufunguo wake. Mchague mtu anayesema "ndege amenasa" na utamwona anatafuta kisu cha kukatia uzi. Anayesema "amekwama" atasukuma fimbo kutoka juu.

Kutumbukia, bahati mbaya, hakuna mwenzake wa namna hiyo. "Kutumbua" kupo, lakini ni kwa majipu, na tangu mwishoni mwa mwaka 2015 ni kwa watumishi wa serikali. Aliyetumbukia huopolewa. Magazeti yanakijua kitenzi hiki kwa huzuni, kwa sababu ndicho kinachotumika mwili unapotolewa majini, na vijana wa mjini wanakijua kwa raha, kwa sababu ndicho wanachotumia wakijisifu kuhusu wapenzi. Kisimani kazi yake ni ya kawaida: ndoo imekatika kamba, inaopolewa kwa kiopoo, mti mrefu wenye kulabu mwishoni. Jaribu kiopoo kwa ndege. Kulabu itamchana. Hapa neno limetupa kifaa kisichofaa, na mtu mwenye huruma na pupa ya kusaidia ndiye hasa anayekichukua.

Kinachofaa ni kidogo sana kuliko tunavyodhani, na ukikitazama ni karibu kutofanya kitu. Moto uzimwe, na majivu yapoe. Kama sauti inayosikika ni ya makinda yakilia yakitaka chakula, hapo hakuna aliyepotea. Ni nyumba ya watu, waachiwe mpaka waote mabawa. Kama ni mmoja anayekwaruza na kupumzika, kukwaruza na kupumzika, basi chumba kitiwe giza, mapazia yashushwe, mlango wa ndani ufungwe, dirisha moja tu liachwe wazi kabisa, kisha kifuniko cha chini ya dohani kifunguliwe na watu watoke. Ndege hufuata nuru. Akiwa ndani ya tundu, nuru pekee anayoiona iko juu kabisa, ambako hawezi kufika kwa kuwa kuta ni laini na mabawa hayana nafasi ya kutanuka. Akioneshwa nuru nyingine chini atashuka kuifuata. Atatoka na masizi yote, apitie dirishani. Teleka ana sharti moja la ziada, kwa kuwa miguu yake ni mifupi mno na mabawa marefu mno, kiasi kwamba jina la kisayansi la jamaa yake lina maana ya wasio na miguu. Akianguka sakafuni mara nyingi hapandi tena. Usimrushe hewani. Mweke kwenye kiganja, unyanyue mkono mahali palipo wazi, mpe muda. Na maji usimtilie mdomoni, hata kama bibi wa jirani amesimama mlangoni na kikombe anasema, "Mpe mjukuu wangu, mpe, ana kiu huyo."

Hapo ndipo Kiswahili kinapotoa neno lake bora kuliko yote, nalo halimo katika vitenzi vya uokoaji. Ni mwangaza. Mwangaza ni nuru, na kwa wajenzi wa zamani mwangaza pia ni ule uwazi mdogo wa juu ukutani unaoiingiza. Lugha haikuona haja ya kutenganisha dirisha na kile kinachopita dirishani. Kwa ndege aliye gizani mambo hayo mawili nayo ni kitu kimoja. Chumba cha ndani cha Songo Mnara hakikuwa na madirisha. Nuru yake ilitoka upande mmoja, mlangoni, kutokea uani. Shomoro akiingia humo enzi dari likiwa bado juu, alikuwa na mwangaza mmoja wa kufuata, na ulikuwa ndio njia. Nyumba yetu ya sasa yenye vioo pande tatu humpa mianga mitatu, na yote mitatu ni ya uongo. Atavigonga vioo mpaka aanguke.

Wanaotunga istilahi, tangu Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lilipoundwa mwaka 1967, wamekuwa na kazi ya kuvipa majina vitu vinavyokuja: kiyoyozi, runinga, kishikwambi. Nawatakia heri, na kama siku moja wataifikia dohani ya nyumba na vifaa vyake, nina ombi moja juu ya kile kifuniko cha juu kinachozuia mvua na ndege. Waliache jina la mafundi. Wanakiita kofia, kofia ya bomba, na wanakitengeneza kwa bati lililokunjwa kama pia iliyopinduliwa, juu ya miguu mitatu ya chuma, kwa nafasi ya upana wa mkono kati ya bati na mdomo wa bomba. Nafasi hiyo ndiyo inayohitaji waya wenye matundu, matundu madogo kuliko kichwa cha shomoro, na ufungwe msimu ambao hakuna anayetaga ndani. Fundi akikuuliza kama aufunge au auache, panda kwanza umulike kwa tochi.